Spika za Jikoni kwa Kiama

"Siku mtakayokuta nyumba yangu imenyamaza, hata kwa taarifa moja tu ya habari, njooni mchukue mbuzi. Nitachinja mwenyewe!"

Hayo Kiama aliyasema kwenye maikrofoni, chini ya hema la kukodi, siku kanisa lao hapa Kitengela lilipowaombea yeye na mkewe Waithera kwa kutimiza miaka thelathini ya ndoa. Maikrofoni yenyewe hakuihitaji. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye kiwanda cha simiti Athi River, upande wa mashine za kusaga mawe, na mtu wa huko akikunong'onezea siri, mtaa wa pili wanaitikia.

Waithera alimjibu akiwa amekaa, sahani mapajani. "Mbuzi gani, Baba Wahu? Wewe hata kuku unamwogopa."

Hema lote likacheka. Jirani yao Katoo, mzee wa Kimaasai aliyewauzia ploti wakati pundamilia bado walikuwa wanakatiza hapo, akapaza sauti kutoka nyuma: "Huyo mbuzi atakufa na uzee, hatutawahi kumla!"

Ikawa mbuzi hakufa. Aliyekufa ni Waithera, kwa presha, mwaka jana mvua ikianza.

Ili uelewe hiyo nyumba ilikuwaje, lazima ujue imepangwa vipi. Kochi linaangalia TV. Nyuma ya kochi kuna mlango wa jikoni ambao hauna mlango, ni pazia tu. TV ni ile ya kichogo, nzito kama mfuko wa simiti, na juu yake kuna kitambaa alichofuma Waithera mwenyewe. Lakini Waithera hakuwahi kukaa chini kuiangalia. Aliisikiliza akiwa jikoni, akikata sukuma wiki, na kila jioni saa moja habari zikianza alikuwa anagombana nayo. Mimi napanga ng'ambo ya barabara, na taarifa ya habari nilikuwa naipata kutoka kwake bila kulipia.

Mtangazaji: bei ya unga inatarajiwa kushuka.

Jikoni: "Itashukia wapi?"

Kiama, bila kugeuka: "Mama Wahu, wacha tusikie."

"Sikia wewe. Mimi ndiye naenda dukani."

Miaka yote hiyo Kiama hakuwahi kugeuka. Angegeukia nini? Sauti ilikuwa inamjia kwenye kisogo kama joto la jiko.

Baada ya mazishi binti yao, Wahu, alikaa naye kidogo, kisha akarudi kwake Illasit, kwa watoto na vitunguu vyake. Wazee wa kanisa walikuja, wakaomba, wakanywa chai, wakaondoka. Hakuna aliyetaja mbuzi. Ukipita hapo jioni ungesikia mtangazaji akisema chochote anachotaka, bei za unga, madaraja, ahadi, na hakuna mtu wa kumpinga. Nakwambia, mimi sina heshima nyingi, lakini hiyo nyumba nilikuwa naipita haraka.

Halafu siku moja Kiama aliingia duka la vyombo vya stima hapa mjini, akitafuta balbu. Ndani walikuwa wanaonyesha wateja soundbar, ile spika ndefu kama rula inayolala chini ya TV, pamoja na spika zake mbili ndogo za nyuma. Kwenye skrini mvua ilikuwa inanyesha. Mvua ikanyesha mbele, sawa. Kisha mtu akaita kutoka nyuma, karibu kabisa na sikio lake.

Kiama akageuka.

Hapakuwa na mtu, ni spika kwenye rafu. Balbu akaisahau. Alitoka na boksi begani.

Siku hiyohiyo alinikuta kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu na redio, pale stendi ya matatu. Nilisomea umeme mpaka katikati. Nusu iliyobaki wanisamehe.

"Kijana," akasema, na watu wa stendi wote wakageuka, "hii kitu inaongea mbele pekee. Nyuma ni bubu. Nimerudi dukani wananiambia eti shida ni TV, eti ninunue mpya."

"Na si ununue, mzee? Hiyo yako ukiitupa inaweza kuziba shimo la barabara."

"Hiyo TV Waithera amegombana nayo miaka kumi na nane. Siwezi kuleta nyingine haijui chochote."

Nikachukua bisibisi.

Nilipofika nilikuta ameunganisha kila kitu kwa akili safi, na kila kitu kikiwa vibaya. Sauti ilitoka kwenye dikoda, kile kisanduku cha kunasa stesheni, ikaingia kwenye TV, ndipo ikatoka TV kwenda kwa soundbar. Sasa TV ya zamani hivyo inajua masikio mawili tu, kushoto na kulia. Hata ukiiletea sauti ya spika tano, inazifinya zote ziwe mbili, na spika za nyuma hazibaki na la kusema. Dawa ni kuipita. Picha iende kwa TV na waya zake za zamani, na sauti itoke kwa dikoda moja kwa moja hadi kwa soundbar, kwa ule waya mwembamba unaobeba sauti kama mwanga. Kiama alikuwa nao. Alikuwa ameuchomeka tayari mahali sahihi, ila hakutoa kifuniko cha plastiki kwenye ncha.

"Mzee, umeuvalisha kofia."

"Nilidhani ni yake."

Nikakitoa, ncha ikawaka nyekundu. Nikaingia kwenye menyu ya dikoda, nikabadilisha sauti kutoka ile ya spika mbili hadi ile ya kuzunguka. Kisha nikatafuta spika za nyuma niziweke begani mwa kochi, moja huku na moja kule, kama inavyotakiwa. Sikuziona.

"Ziko jikoni," akasema.

Kweli zilikuwa jikoni. Moja juu ya meko, nyingine kwenye rafu ya sufuria, kando ya mwiko.

"Mzee, unataka kuzichemsha? Hizi zinakaa hapa, nyuma ya kichwa."

"Ziache."

"Lakini mvuke utaziharibu, halafu sauti itachelewa kufika..."

"Hakuna mvuke, kijana. Ni nani anapika?"

Nimecheka na watu kwenye matanga, nimecheka kwenye foleni ya polisi. Hapo sikucheka. Nilishika waya, nikaurudisha chini ya pazia taratibu.

Tukawasha. Kulikuwa na filamu ya Wazungu, harusi, watu wamejaa bustanini. Bwana harusi alikuwa mbele kwenye TV akitoka jasho, na wageni wote wakawa jikoni kwa Kiama. Glasi ziligongana kwenye rafu ya sufuria. Wanawake wakacheka juu ya meko. Nakuapia hata mimi nilitaka kufunua pazia. Mwanamke mmoja akauliza kitu kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayetafuta chumvi.

Kiama, macho kwenye TV, akaitikia, "Eeh."

Hakujua kama ameitikia. Uso wake ulikuwa umelegea kidogo, kama mtu aliyevua viatu. Nikasema moyoni: haya, nimemsaidia mzee wa watu. Nikaanza kukusanya vyombo vyangu niende.

Saa moja ikafika, akageuza stesheni kwenye habari.

Jikoni kukanyamaza.

Akaongeza sauti. Mtangazaji akapiga kelele mbele, nyuma hakuna hata pumzi. Akanitazama. Nikamweleza kwamba filamu hutengenezwa na sauti za nyuma, lakini habari ni mtu mmoja na meza, hutumwa kwa spika mbili tu. Jikoni haitumiwi kitu. Hilo halina waya wa kulirekebisha.

"Hakuna namna?"

Ukweli ni kwamba namna ipo, na ningeweza kuificha. Kuna kibonyezo kwenye rimoti kinachofanya spika zote ziseme kitu kimoja. Nikakibonyeza.

"Serikali imewahakikishia wananchi," akasema mtangazaji kwenye TV.

"Serikali imewahakikishia wananchi," jikoni ikasema.

"Kwamba bei ya mafuta haitapanda."

"Kwamba bei ya mafuta haitapanda," jikoni ikakubali.

Kiama alikaa akisikiliza hivyo, mikono magotini. Ilipofika habari za mashule na jikoni ikakubali na hizo pia, akachukua rimoti mkononi mwangu.

"Waithera hakuwahi kukubali," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema kwa sauti ya kawaida. Ilibidi nisogee ndio nimsikie. "Hata habari za mvua alikuwa anapinga."

Akazima soundbar. Akazima TV pia, habari zikiwa katikati. Kisha akageuka kwenye kochi, mwili mzima, akaangalia lile pazia. Nje pikipiki ilipita, ikaisha. Tulikaa hivyo mpaka nikaanza kusikia friji ya jirani.

"Umesikia?" akauliza.

"Sijasikia kitu, mzee."

"Basi wewe ni shahidi."

Akatoa simu, akampigia Katoo. Katoo alipokea kwa sauti ya mtu anayekula, akasalimu kwa Kimaasai.

"Sopa, Baba Wahu!"

"Epa," Kiama akaitikia salamu. "Katoo, ile siku ya hema. Nyumba imenyamaza."

Kule upande wa pili, kutafuna kukakoma. "Wacha hayo, Kiama. Ile ilikuwa ya kuchekesha watu."

"Nilisema mbele ya kanisa. Nyinyi mnaogopa kuja kudai, na mimi nimekuwa nikijificha nyuma ya TV. Imenyamaza, Katoo. Twende Kiserian unichagulie mbuzi."

Walienda siku ya soko. Nilienda nao kwa sababu nilijialika. Katoo alipita katikati ya mbuzi akiwashika mgongo, akiwafungua midomo, akiwakataa mmoja baada ya mwingine. Kiama alisimama kando, mikono mfukoni, kama aliyeletwa kununuliwa yeye. Mwisho Katoo akamshika mmoja pembe, dume la rangi ya majivu, na mnyama akalia kwa kelele ya ajabu, akampinga Katoo, akampinga mwenye kumuuza, akapinga hata kamba.

"Huyu ana mdomo," Katoo akasema. "Nimtafute mwingine?"

"Hapana," Kiama akasema. "Huyo."

Kelele hizo alikaa nazo uani usiku mmoja. Jumamosi wazee wa kanisa wakaja, na alichinja mwenyewe, kama alivyosema kwenye hema. Alichinja akiangalia pembeni, lakini hakuna aliyemcheka. Wahu alikuja kutoka Illasit akapika, na spika zikatolewa kwenye meko ili sufuria ipate nafasi.

Mbuzi alikuwa elfu kumi na mbili, chini ya bei ya soundbar, na jioni hiyo jikoni kulijaa sauti za watu.