Lugha ya Nyota Tuliyoazima kwa Bibi

Enzi zetu kule Machochwe, kuongea kilugha shuleni lilikuwa kosa. Ukiteleza, unavishwa kibao shingoni, unashinda nacho kama ng'ombe mwenye kengele. Wa rika langu mnakijua kibao kile.

Ndipo akahamishiwa kwetu mwalimu wa sayansi kutoka Iringa. Kila Ijumaa alitusomea riwaya moja iliyochakaa, ya viumbe walioshuka duniani kutoka sayari nyingine. Wanajeshi walitaka kuwapiga. Aliyeokoa watu ni mtaalamu wa lugha, mama mpole aliyekaa nao, akaonyesha kitu, akauliza jina lake, akaandika. Hadithi ile ilitulevya.

Tukaigeuza mchezo, ila tulihitaji lugha ya viumbe ambayo hakuna mtoto aliyeielewa, na Kikurya tulikijua wote. Nikamkumbuka Bibi, mama yake baba. Alikuwa Mtaturu aliyeolewa ukuryani, na kwa kuwa nyumbani hakuna aliyejua Kitaturu, alikiongea na ndama. Nikamfuata zizini asubuhi na daftari, miguu kwenye samadi ya moto, nikauliza, nikaandika: moto, kimbia, jifiche, adui.

"Na salamu je?" Bibi akauliza. "Anza na salamu."

"Bibi, viumbe wa nyota hawasalimiani."

"Ebo! Kwani wamelelewa na nani?"

Akacheka, akaninywesha povu la maziwa kwenye kibuyu. Mimi nilitaka maneno ya vita tu. Yalipofika arobaini, nikafunga daftari, nikakimbilia kwa wenzangu.

Uzeeni mwake nilimleta kwangu Nkende, Tarime mjini. Siku zake za mwisho Kiswahili na Kikurya vilimtoka kabisa, akabaki na lugha ya ndama. Asubuhi moja alinishika mkono, akasema maneno mengi, taratibu, kisha akangoja nijibu. Nikapekua arobaini yangu. Moto. Kimbia. Adui. Nikalia tu, mtu mzima na ndevu zangu.

Wanangu wanasema simu zao zinatafsiri kila kitu. Niliwapa kazi ya kukitafuta Kitaturu, wakaguna kwamba hakimo, wakarudi kwenye video zao. Siwalaumu sana. Wao hawakuwa na Bibi zizini kila asubuhi, akiwa tayari kufundisha. Mimi nilikuwa naye. Namkumbuka mno, na ningepewa asubuhi moja tu ya zamani, ningeingia zizini na daftari jipya, nianze na salamu.