Sinema ya Mzee Aliyegoma

Mwaka 1976, miaka miwili tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa karibu na Runzewe, padre wetu Mzungu alituonyesha sinema za kwao ukumbini kila Jumapili alasiri. Lugha hatukuielewa hata neno, lakini tulivunjika mbavu. Jirani yangu Mama Maduhu hakukosa hata moja. Alikipenda kile kijiji cha kwenye sinema, ambacho watu wake walizeekea hapohapo walipozaliwa.

Jumapili moja tuliona mzee ameweka kiti chake panapotakiwa kupita barabara mpya, akagoma kuondoka. Wakambembeleza kwa divai, wakamletea hadi askofu. Mwishowe wakaipindisha barabara. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi mjinga nikacheka.

Mama Maduhu akasimama mbele, kivuli chake kikafunika picha.

"Mnacheka nini?" akafoka. "Mimi niligoma kuliacha zizi alimozikwa mume wangu, kama tunavyowazika wenye miji yao sisi Wasukuma. Nani alinibembeleza? Walinichomea nyumba!"

Akamnyooshea kidole mwenyekiti wa kijiji, aliyeketi safu ya kwanza.

"Aliyewasha kiberiti ni huyu, na ndiye aliyecheka kuliko wote."