Mafiga Ndani ya Trela

Trela lile lilikuwa sanduku kubwa la mbao juu ya magurudumu mawili, na mtu aliyejua linavyofunguka nilikuwa mimi. Unaliegesha pahali pasipoinama, unashusha miguu yake minne, kisha unafungua mifuniko miwili. Mmoja unalala kushoto, mwingine kulia, na hivyo ndivyo vitanda. Katikati unasimamisha nguzo, turubai linapanda, na bwana ana nyumba. Ukifanya upesi, mvua ya alasiri inakukuta umemaliza. Ukizubaa unalowa wewe na unalowesha godoro la mtu, na nchi ya Kericho godoro likishalowa usitegemee kwamba litakauka.

Bwana alikuwa mpima ardhi. Ilikuwa miaka ile ya ishirini na kitu, chai ndiyo inaanza kupandwa, na kila mzungu mwenye shamba alitaka kuonyeshwa mpaka wake. Tulitoka Kericho tukashuka Sotik, tukaenda Bomet mpaka Sigor, tunapiga kambi, tunapima, tunahama. Bwana alikuwa na darubini yake na minyororo yake ya kupimia. Vitu vingine vyote vilikuwa juu yangu, pamoja na kumpikia.

Watu hudhani kupakia ni kujaza. Aa wapi. Kujaza hata mbuzi anaweza. Kitu utakachokihitaji kwanza ukifika, hicho unakipakia mwisho, kwa hiyo turubai linakaa juu siku zote. Vizito vinakaa juu ya ekseli. Ukivirundika nyuma, trela linainua pua na kuitingisha motokaa njia nzima. Vikombe nilivivisha soksi kuukuu za bwana. Sufuria niliziweka moja ndani ya nyingine, na zote ndani ya karai. Chumvi ilikaa kwenye chupa kwa sababu ya unyevu. Na mafuta ya taa hayakai jirani na unga, hata kwa nusu saa, hata kama debe limefungwa vizuri. Hilo nilibishana na kila mtu aliyewahi kunisaidia kazi na sijawahi kushindwa.

Halafu mafiga. Watu walinicheka sana kwa mafiga. Lakini mawe ya nchi ile yamelowa mpaka ndani, ukiyawashia moto yanapasuka na chakula chote kinakwenda chini. Basi nilichagua mawe matatu makavu, nikayafunga kwenye gunia na kuyatembeza kila tulikokwenda. Yalikuwa meusi kama chungu kwa nje, na sikumruhusu mtu ayaguse.

Vijana wa kuvuta mnyororo tuliwaajiri palepale tulipofika, watu wa Kipsigis. Mchana tulifanya kazi pamoja vizuri. Jioni walikwenda kwao. Nilijua kuwaambia "chamgei", salamu yao, wao wakaitikia, na baada ya hapo mimi na wao hatukuwa na neno. Bwana aliingia kwenye turubai lake, nami nikatandika gunia langu chini ya trela, katikati ya magurudumu. Wanaume wa kazi za safari hujifanya hawajali upweke. Mimi nilijali. Kuna jioni nilikuwa nikisema na sufuria.

Nilikuwa na mke. Nilimwoa kwetu kando ya ziwa, nikakaa naye msimu mmoja wa mavuno, kisha nikafuata kazi. Nyumba yake ilikuwa bomani kwa baba yangu. Wenzangu walioandikwa kwenye mashamba ya chai walipewa vyumba, wakawaita wake zao, na ukipita jioni unaona moshi na kusikia watoto wakigombana kwa lugha ya kwetu. Mimi sikuwa na chumba, nilikuwa na trela. Nilianza kuogopa kwamba nikiendelea hivi nitarudi nikute mwanamke nisiyemjua, naye akute mzee asiyemjua. Nilimtaka awe nami. Sikutaka kitu kingine duniani wakati ule.

Nikamwambia bwana. Alifikiri, akaitazama motokaa, akasema kiti cha nyuma kimejaa masanduku. Hiyo ilikuwa kweli. Hata mimi nilisafiri nimekunjwa juu ya masanduku hayo. Akasema, "Ukipata nafasi yake bila kuacha kitu changu hata kimoja, aje."

Hapo alinipata. Nilishusha kila kitu nikakitandaza kwenye nyasi, nikaanza upya. Viatu vyake vya mvua nikavijaza mishumaa na kamba. Birika nikalijaza majani ya chai. Vigingi vya hema nikavitoa kwenye sanduku lao na kuvipachika ubavuni mwa trela kwa mikanda ya ngozi. Kitanda cha kukunja kilichokuwa akiba nikakifunga chini ya sakafu, nje, kwa turubai kuukuu lisiingie tope. Kila tulipohama nilipunguza kitu kimoja kutoka kile kiti cha nyuma, mpaka siku moja kikawa kitupu, ngozi yake inaonekana. Bwana alikitazama akacheka peke yake. Mimi nilikalia kiti kile nikanyoosha miguu, nikajisikia tajiri.

Ndani ya trela nilimtengea sanduku lake, la mbao nyepesi. Nikamwekea sufuria, mwiko, kisu, kibuyu cha chumvi, kila kimoja na pahali pake, na nafasi za katikati nikazijaza majani makavu visigongane. Chini kabisa nikayaweka yale mafiga, kwa kuwa kupika sasa kutakuwa kwake. Nilipofunga kile kifuniko nilifurahi, acha nikwambie, kama mtu aliyejenga ghorofa.

Mtu wa kwetu alipeleka habari, na mke wangu akapanda gari la moshi mpaka Londiani, ambako bwana alikuwa na vifaa vya kupokea. Aliteremka na furushi na chungu cha udongo alichokizungushia nyasi. Aliniita mwenye nyumba, kama wake wa kwetu wanavyowaita waume zao, akainamisha macho. Alikuwa amekonda. Jambo la kwanza nililomwambia, baada ya safari ile yote, ni kwamba chungu hakikuwa kwenye hesabu yangu na sijui kitakaa wapi. Akasema haidhuru. Akakipakata magotini kutoka Londiani mpaka Sigor.

Tulifika na mvua. Niliruka chini, nikashusha miguu, nikafungua mifuniko, turubai likapanda, nami nikiwa najua wazi kwamba mke wangu ananitazama. Kisha nikakinga moto kwa kipande cha bati, nikafungua sanduku lake na kumwonyesha: mwiko huku, chumvi huku, kisu usikiweke na mwiko. Nikatoa mafiga nikayapanga. Alikuwa bado amesimama na chungu chake.

"Haya mafiga ni ya nani?" akauliza.

"Yetu. Nimezunguka nayo siku nyingi."

"Nani aliyekuwa akiyapanga?"

"Mimi. Nani mwingine?"

Akakaa chini polepole. Kwetu mafiga huwekwa na mwanamke wa nyumba siku anapoanza kupika, na mwanamume hayagusi. Ukimwona mwanamume ana mafiga yake mwenyewe, unajua amefiwa na mke. Nilijua hayo tangu utoto, hakuna asiyeyajua. Lakini nilikuwa nimeyashika mawe yale siku nyingi, mvua kwa jua, na kwangu yalikuwa mawe makavu tu. Nikamweleza habari ya mawe yanayopasuka. Nilieleza kirefu.

"Nimesikia," akasema. Akapika juu yake, tukala.

Asubuhi alikwenda mtoni akarudi na mawe matatu yake, yanachuruzika maji. Nikamwambia yatapasuka. Aliyapanga mwenyewe, akabandika maji, na ugali ulipoanza kushika, jiwe moja likalia pa, sufuria ikalala ubavu. Mungu anisamehe, nilicheka. Nilisema nilikwambia. Yeye aliukusanya ugali ule na jivu lake, akatengeneza mwingine, juu ya mafiga yangu.

Tulikaa hivyo mvua nyingi. Sisemi tuligombana, hatukugombana. Jioni alinisimulia habari za nyumbani, nani kazaa, nani kahama, nami nikalala nikisikia mtu akipumua karibu yangu, na kwa hilo tu niliona kila kigingi nilichokihamisha kilistahili. Tatizo lilikuwa mchana. Aliweka chumvi karibu na unga, kama alivyozoea. Nilipopakia nikairudisha pahali pake. Alitundika mwiko kwenye kigingi. Nikauondoa, nikaurudisha sandukuni. Alikiweka chungu chake penye karai. Nikakitoa, nikamrudishia mkononi. Sikumsemesha vibaya hata mara moja. Mikono yangu ilifanya yenyewe, kama unavyofukuza nzi.

Akaacha kuweka kitu popote. Akikitumia ananipa. Nami, kwa ujinga wangu, nilidhani amejifunza.

Wanawake wa Kipsigis walikuwa wakileta maziwa kambini. Yeye na wao walitazamana, wakashikana shanga, wakacheka bila neno. Kuna mmoja alianza kuja hata bila maziwa, wakawa wanakaa pamoja tu. Kisha bwana akasema tunahamia upande wa Mulot, nikapakia. Siku chache kabla mke wangu alikuwa amepanda mbegu za mboga kando ya hema, alizotoka nazo nyumbani. Hazikuwa zimechipua. Alisimama pale mpaka bwana akapiga honi.

Ilikuwa tukipakia tena, kurudi juu upande wa Kericho, aliponiambia. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya trela.

"Mwenye nyumba, tukifika kwenye gari la moshi, mimi nitateremka."

Nikamuuliza amekosa nini hapa.

"Sijakosa kitu. Kila kitu kina pahali pake, na unapajua wewe. Mimi kazi yangu ni ipi?"

Nilikasirika. Nilimwambia ajue nilivyohangaika kumpatia kile kiti, nilivyofungua trela zima nikalipakia upya kwa ajili yake, na kuna wanawake wangapi wanaopanda motokaa? Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema anajua nilihangaika, na kwamba siku zote atanisifu kwa watu kwa hilo. Heri angenitukana. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti chake, chungu magotini.

Njia nzima kwenda Londiani nilitafuta la kusema. Nilikuwa nimeketi karibu naye kiasi kwamba mabega yetu yaligongana kila penye shimo. Ningeweza kumwambia achukue trela lote, alipange apendavyo, amwage mafuta ndani ya unga akitaka. Neno hilo lilikuwa mdomoni, nami nikalimeza, kwa sababu mafuta hayawekwi na unga na nilikuwa bado nina hasira.

Pale stesheni nilichukua furushi lake ili nilifunge vizuri. Alinishika mkono, akalichukua, akalifungua lote, akalifunga upya kwa njia yake. Fundo lilikuwa baya. Lilikaa upande, ncha moja ndefu, nyingine fupi, na mimi nilijua kwamba kabla ya kufika ziwani litakuwa limefunguka na nguo zake ziko chini. Niliiweka mikono yangu nyuma ya mgongo. Hiyo ndiyo heshima pekee niliyompa, na ilikuwa imechelewa. Akapanda, chungu mkono mmoja, furushi mkono mwingine, na gari likaondoka.

Bwana aliuliza kama mama amekwenda kusalimia nyumbani. Nikasema ndiyo. Akasema basi kile kiti nirudishie masanduku, yasibanane kule kwenye trela. Nikayarudisha.

Baadaye sana alipita kambini mtu wa kwetu, akitafuta kazi kwenye mashamba. Nilimpa chai, nikamuuliza kama mke wangu alifika salama. Alifika. Na furushi lake? Yule mtu akanishangaa. Akasema alimwona siku aliyofika akitoka stesheni ya kwetu, furushi kichwani limefungwa vilevile, halikuwa na neno. Akasema nyumba yake ameikandika upya, analima, hajambo, na alimtuma aniulize kama nitakuja, na lini.

Nilikuwa nikikausha turubai. Nilitaka kuliacha pale pale nimfuate. Badala yake nikamwambia amjibu kwamba nitakuja mvua zikiisha. Yule mtu alikuwa mgeni Kericho, akaona ni jibu zuri, akaahidi kulifikisha. Mke wangu hakuwa mgeni. Alikuwa amekaa nami huku, na alijua kwamba mvua za huku haziishi.