Mtani Aione Kitonga

Sikiliza, wewe unayerusha gemu mubashara kisha kila mtu anakuandikia kwamba picha inakwama. Kaa nikusimulie habari ya baba yangu. Jambo hili nimelifundisha darasani miaka mingi, lakini ni yeye aliyenionyesha namna nzuri ya kulieleza.

Baba ni Mngoni, dereva mstaafu wa mabasi ya Dar na Songea. Magoti yalipogoma alihamia kwenye nyumba yake ya Chamazi, akaanza kuzunguka uani kama mtu aliyepoteza funguo. Mie kazi yangu ni kufundisha kompyuta, basi nikampelekea moja, pamoja na usukani wa kuchezea na gemu la mabasi. Ndani yake niliweka ramani ya barabara zetu wenyewe, ambayo vijana wa hapa hapa nchini wameichora kona kwa kona. Nilidhani ataichoka. Badala yake, kila Jumapili akitoka misa anavaa shati lake la kazi, anakaa sebuleni, anapiga honi, na safari nzima inarushwa kwa madereva wenzake waliotawanyika mikoani.

Kati ya hao, mmoja ndiye ambaye baba alikuwa akimsubiri zaidi. Ni Mhehe wa Mafinga. Waliendesha basi moja miaka mingi, huyu akishika usukani, yule amelala kiti cha nyuma. Wangoni na Wahehe ni watani, kwa hiyo sijawahi kuwasikia wakiambiana neno zuri. Mwaka jana mtani alipata kiharusi. Ulimi ukawa mzito, akaacha kuzungumza hata na wageni wanaokuja kumpa pole. Binti yake alituambia kwamba siku pekee anayoomba simu ni Jumapili.

Sasa shida ilikuwa mteremko wa Kitonga. Basi likitoka Songea linakuja vizuri, Njombe inapita, Iringa inapita, lakini likianza kushuka ule mlima tu, picha inavunjika vipande kama kioo kilichopigwa jiwe, kisha inaganda. Ikirudi, basi lipo chini. Mtani anatuma sauti, neno moja moja:

"Umekata... makusudi. Uliogopa... Mngoni."

Baba aliruka kwenye kiti. "Mie? Mie niogope Kitonga? Nyie ndio mlikuwa mnafumba macho mle!"

Tulicheka. Lakini Jumapili zilizofuata ikawa vile vile, na mwisho binti akasema baba yake ameisukuma simu pembeni kabla safari haijaisha, kwamba macho yanamuuma. Baba alizima kompyuta.

"Huyu akiacha kutazama," akaniambia, "ndiyo ameacha kusema. Nitengenezee hii kitu, mwanangu."

Nilifungua mipangilio ya programu ya kurushia. Kila kitu kilikuwa juu kabisa.

"Baba, nani kapandisha hizi namba?"

"Mie. Picha ikizidi kuchoka, naongeza. Mlimani si unaongeza mafuta?"

Hapo nikapata pa kuanzia. "Baba, huku hupandi. Huku unashuka na mzigo. Dereva afanyeje?"

"Anapunguza gia," akajibu papo hapo, kama mtu anayeulizwa jina lake.

Nikamweleza taratibu. Programu haitumi picha nzima kila mara, inatuma zaidi kile kilichobadilika. Tambarare, anga limetulia na lami imetulia, kwa hiyo kinachotumwa ni kidogo. Kitonga kuna msitu pande zote mbili, kila jani linakimbia, karibu picha yote inabadilika kila sekunde. Mzigo unaongezeka pale pale ambapo njia ni ile ile. Na njia yenyewe ni ya kupandisha data, siyo ya kushusha. Intaneti ya nyumbani mara nyingi inashusha kwa barabara pana na kupandisha kwa kichochoro.

"Kwa hiyo mie nimejaza watu mpaka mlangoni," akasema.

"Umewaweka na juu ya keria, baba."

Tulipima kasi ya kupandisha, ikawa ndogo kuliko nilivyotegemea, nikaanza kuitafuta ruta, kile kisanduku cha intaneti. Niliikuta ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya chupa za chai na mabakuli ya wageni, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Kitambaa changu kimekukosea nini?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Hakijakosea, mama, ila kinaifanya ipate joto."

Alikubali kwa sharti kwamba kitambaa kihamie juu ya spika. Ruta tukaiweka mezani, tukaiunganisha na kompyuta kwa waya. Kasi ikapanda. Kisha tukapunguza gia: bitreti, yaani kiasi cha data kinachotumwa kila sekunde, tukaishusha chini ya kasi hiyo, ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720, fremu kutoka 60 hadi 30 kwa sekunde, na ndani ya gemu tukapunguza vivuli ili kompyuta ibakiwe na nguvu za kurusha. Baba alinung'unika kwamba basi lake limefifia. Nikamwambia atazame kwenye simu, kama mtani anavyotazama. Akatazama, akaziacha namba kama zilivyo.

Jumapili iliyofuata mama naye alikaa nasi. Basi likafika kileleni mwa Kitonga. Baba akaingiza gia ndogo. Kona ya kwanza, ya pili, malori, miti, ukingo, vyote vikapita bila kukatika. Chini kabisa akasimamisha basi pembeni, akasubiri. Simu ikalia.

"Umeshuka," ilisema sauti nzito kutoka Mafinga. Kisha ikaja yote kwa pamoja, bila kukwama: "Lakini mvua hamna, mbona umewasha waipa, Mngoni we?"

Baba aliangalia kioo cha basi. Kweli, waipa zilikuwa zinakwenda. Alicheka mpaka mama akampa leso. "Ameziona!" akarudia. "Mhehe ameziona waipa!"

Basi na wewe, kabla hujarusha leo, unganisha kompyuta kwa waya, pima kasi ya kupandisha saa ile ile utakayorusha, na bitreti uiweke isizidi thuluthi mbili za kasi hiyo. Picha ikivunjika bado, shusha hadi 720 na fremu 30, kisha jaribu kwanza kwenye sehemu ya gemu yenye mwendo mwingi kuliko zote.