Digrii Niliyoipata Nikichambua Maharage

Nimekosa, tena nimekosa kwa kiburi. Hata mume wangu sijamwambia, ndiyo maana nawaambia ninyi msionijua.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Rungwe, miaka kumi na tisa kazini na diploma yangu. Kuna akina mama niliowazalisha, na sasa nazalisha mabinti zao. Basi tukaletewa inchaji mpya, yaani msimamizi wa wodi, binti wa kutoka Singida, ana digrii. Ni wa umri wa mwanangu wa kwanza. Kila asubuhi ananiamkia, lakini ndiye anayenipangia zamu. Iliniuma, jamani!

Nikaamua na mimi nisome. Hapo sikukosea. Nilikosea kuchagua chuo. Vyuo vinavyojulikana viliniambia nadharia naweza kusoma kwa mtandao, ila vitendo lazima nifanye wodini na kila kitu kisainiwe na msimamizi. Na msimamizi wangu angekuwa nani? Yule yule binti! Nikatafuta kwenye simu mpaka nikapata chuo cha nje kisichodai vitendo kwa mtu mwenye uzoefu. Nikaona hawa ndio wanaojua kuheshimu watu wazima.

Inchaji aliposikia aliniita pembeni, kwenye chumba cha dawa.

"Mama, umeuliza Baraza la Wauguzi kama wanakitambua hicho chuo? Maana bila vitendo sidhani kama watakusajili."

"Vitendo gani? Mimi nilikuwa nazalisha wewe ukiwa darasa la pili."

Akarudi wodini kuendelea na kazi. Mimi sikunyamaza. Nilimsema wakati wa chai, nikamsema kwenye jumuiya yetu ya kanisa, kwamba ana wivu na hataki wakubwa wainuke. Wakaniamini, kwa sababu yeye ni mgeni na mimi ni wa kwao. Kuna waliofikia kutoitikia salamu yake.

Na dalili nilikuwa nazo! Mtihani wa uuguzi wa watoto niliufanya kwa simu, jikoni kwangu, mtaa wa Bagamoyo wa hapa hapa Rungwe, mvua inanyesha, huku nachambua maharage. Nikapata A. Wala sikujiuliza.

Cheti kilipokuja nilitoa shukrani kanisani. Nilivishwa vitenge, nikaletewa mikungu ya ndizi, wakaniita Mama Digrii. Nilicheza siku ile, mwenzenu!

Kisha nikakipeleka ofisi ya utumishi ili nibadilishiwe cheo na mshahara. Barua ikarudi: baraza halikitambui chuo hicho, na mimi sina hata saa moja ya vitendo iliyosainiwa. Ilikuwa imepitia kwa inchaji. Alinikabidhi bahasha akiwa ameifunga upya kwa plasta ya wodini.

"Mama, nimeisoma mimi tu," akasema. "Kwangu haitatoka."

Ni miezi mitano, na kweli haijatoka. Nikipita mtaani Bulyaga naitwa Mama Digrii, naitika. Yeye akipita, wale wanawake wa jumuiya wanageuza uso kwa maneno niliyowalisha mimi. Angetamka sentensi moja tu ningekwisha, lakini hasemi. Anapanga zamu, ananiamkia. Naona aibu hata kuitikia marahaba.

Wauguzi wenzangu, hasa ninyi mliokaa sana kazini, nawaomba: kabla hamjajaza fomu yoyote ya mtandaoni, ulizeni kwanza baraza kama chuo kinatambulika na vitendo mtafanyia wapi. Chuo kisichotaka kukuona ukifanya kazi kikimbieni, hata kama kinakusifia uzoefu. Na msikatae ukweli kwa sababu tu umesemwa na mtoto.

Wiki iliyopita nilichukua fomu ya chuo kinachotambulika. Kwenye jina la msimamizi wa vitendo nimeandika la yule binti. Bado iko kwenye mkoba wangu. Siwezi kumpelekea asaini kabla sijasimama mbele ya watu niliowadanganya na kuwaambia mwenye kosa ni nani.

Jumuiya ni Jumamosi hii, na zamu ya kuipokea ni nyumbani kwangu.