Waya Aliokaza Ombati

Juzi sokoni Ekerenyo nilimwona fundi wa bodaboda akilegeza waya wa mafuta mpaka pikipiki ikanguruma polepole. Harufu ya petroli ilinirudisha ziwani, siku tuliyopanda boti na mama na Ombati.

Ombati, mdogo wa baba, alizoea mashine ya unga kule Gesima. Siku ile alijitia fundi, akakaza waya wa mafuta wa injini ya boti hadi ikapiga kelele.

"Legeza, bwana! Hapa husagi mahindi," mwenye boti alimfokea.

"Injini ni injini," Ombati akacheka.

Nilipiga makofi, nikidhani kelele ndiyo nguvu. Mama alikuwa bado amesimama na kikapu cha ndizi Ombati alipotia gia. Boti iliruka, mama akaangukia nyuma, pale panga la injini lilipokuwa likikata maji.

Kwenye matanga ya mama, Ombati alisema ni upepo uliomwangusha. Upepo gani, Ombati? Siku ile hata moshi wa injini ulikuwa umeganda juu ya vichwa vyetu, haupeperuki.