Siagi kwenye Mlango wa Tanuri

Jana Ijumaa, saa kumi na robo alasiri, mlango wa tanuri ya Bibi ulikataa kufunguka, na keki ya wageni ikiwa ndani. Wageni ni wakwe watarajiwa wa dada Mwamini, waliotarajiwa leo asubuhi kutoka Ngagara. Mimi ndiye nilipangiwa kuwakaribisha kwa hotuba. Tangu nilipoambiwa, nilikuwa nikiandika na kufuta.

Mama mdogo alikuwa amepaka bawaba za mlango mafuta ya kupikia ili zisilie. Zikiwa baridi ziliteleza vizuri. Moto ulipopanda, mafuta yakaungua yakawa gundi. Alivuta mpaka kishikio kikabaki mkononi mwake. Nilicheka, nikafukuzwa jikoni.

Bibi alinikuta uani nikirudia hotuba yangu ya "waheshimiwa na watukufu." Akavuta kiti chake cha plastiki.

"Mwanangu, nakumbuka na mi nilipokuwa bi harusi hapa Buyenzi. Nilitaka mama mkwe asisikie tanuri ikilia, nikaupaka mlango siagi. Mbuzi alibaki ndani mpaka Magharibi. Mama mkwe akawaambia wageni, ngojeni kidogo, mbuzi anavaa."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Mama mkwe hakumgombeza. Kesho yake alisaga ule weusi wa ndani ya penseli, akaupaka kwenye bawaba. Akamweleza kwamba mafuta yakipata moto yanaungua, na mlango mzito ukiyakandamiza yanakimbilia pembeni. Ule unga ni mkavu, una matabaka membamba yanayoteleza moja juu ya jingine. Ukikandamizwa, ndiyo kwanza unashika chuma.

"Sasa hotuba yako, mama, ni siagi tupu. Macho ya watu yakikuwakia, itaungua. Apana, sema machache makavu, ya kweli, hayo yatashika kama ule unga. Na usione haya kuwa mkimya. Mungu akupe ulimi usiokwama mbele ya watu."

Tanuri ilipopoa, mama mdogo aling'oa mlango kwa nyundo. Keki ilikuwa nyeusi kama kiatu cha polisi.

Leo asubuhi, kabla ya chai, nilikwangua bawaba, nikasaga penseli zangu, nikapaka, tukarudisha mlango. Ulifunguka kimya, keki ya pili ikatoka imeiva. Wageni walipoingia, nikaiacha hotuba ya waheshimiwa, nikasema, "Karibuni sana. Keki ya kwanza iliungua. Hii ni ya pili, na tumewafurahia."

Mama yake bwana harusi alicheka wa kwanza, kisha wote. Nikajisikia mkubwa. Nilipokwenda kunawa mikono ndipo nikaona kwenye kioo nina masharubu ya unga wa penseli. Sijali. Nilirudi sebuleni nayo vilevile, nikawakatia keki.